Mama Restituta na Magunia Aliyoyakataa

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Restituta Tluway, mkaguzi wa ubora wa nafaka katika ghala letu la Katesh, anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno mazuri na mafupi. Mazuri ninayo mengi. Ufupi nitajitahidi.

Alizaliwa Tumati, wilayani Mbulu, katika nyumba ya wakulima wa maharage, na kazi aliianzia Bashay akiwa bibi shamba msaidizi. Mwaka 1994, watu waliokimbia vita walipofurika magharibi mwa nchi, shirika letu lilianza kununua nafaka huku kwetu na kuzipeleka makambini Kigoma. Yeye akaajiriwa kusimama mlangoni mwa ghala na bambo, kile chuma cha kuchomea magunia, mkononi. Kila gunia alilichoma, akamimina punje kiganjani, akazinusa, akang'ata moja. Wafanyabiashara walimwogopa kuliko mizani.

Mmoja wao alimletea mbuzi ili alegeze kamba. Mama Restituta alimpandisha mbuzi yule kwenye mizani mbele ya wakulima wa Nangwa waliokuwa kwenye foleni, akaandika daftarini: "Mbuzi mmoja, kilo ishirini na tatu. Si nafaka. Arudishwe." Hadithi hiyo tunaisimulia kila mwaka na kucheka. Leo nasimulia ile ambayo huwa tunaikwepa.

Mwaka 2015 alisafiri na lori letu hadi kambini, siku tatu njiani. Siku ya mgao alimkuta mama mmoja kutoka Burundi, jina lake Langwida, amekaa chini akichambua mahindi yake ya mwezi. Karibu nusu yalikuwa yametobolewa na wadudu. Hayakutoka kwetu, lakini Mama Restituta aliona aibu na kumwomba radhi. Langwida alimjibu kwa upole, "Dada, na sisi kwetu tulikuwa tunalima. Mahindi mazuri tunayajua." Mama Restituta alirudi Katesh na ukali maradufu.

Machi 2018 mvua ya upepo iliezua bati za ghala, na magunia mia nne ya mahindi yakalowa. Tulipokuja kuyafungua yalikuwa na ukungu wa kijani, yananuka uvundo. Meneja wa wakati huo, ambaye simtaji, aliagiza yaanikwe, yachanganywe na makavu, kisha yapakiwe. Mama Restituta alimweleza kwamba sumukuvu, sumu ya ukungu ule, haiondoki kwa jua wala kwa moto wa jikoni, na kwamba inaharibu ini la mtu. Alijibiwa mbele yetu sote: "Hao ni wakimbizi, hawachagui. Watakula."

Yeye alichukua debe moja la mahindi yale yale, akayapeleka mashineni kusagisha, na siku ya kikao cha kupitisha mzigo akasonga ugali mwenyewe. Saa ya chakula aliingia na sinia, akaliweka katikati ya meza, akamnawisha meneja mikono kama anavyonawishwa mgeni.

"Karibuni," alisema. "Ndicho tunachowapelekea."

Hakuna aliyemega tonge. Hakuna aliyemuunga mkono pia. Mimi nilikuwepo, mimi ndiye niliyeyapima magunia yale, na nilijua. Nilitazama viatu vyangu.

Magunia hayakuondoka, yalifukiwa. Wiki mbili baadaye Mama Restituta alipewa barua ya uhamisho kwenda kituo kidogo cha ununuzi Mbulu, "kwa sababu za kiutawala". Meneja alipandishwa cheo. Huko Mbulu mama huyu hakukaa kulalamika; aliwafundisha wakulima wa Tumati na Bashay kuanika maharage juu ya maturubai badala ya ardhini, na kwa miaka minne hakuna mzigo wao uliorudishwa. Mwaka 2022 uongozi mpya ulimrejesha Katesh. Hakuna aliyemwambia samahani.

Na tusijidanganye kwamba maneno ya meneja yule aliondoka nayo. Mgao wa makambini umepunguzwa, ukapunguzwa tena, na bado nawasikia watu walioshiba wakisema wale wanapewa vya bure. Mtu aliyeacha shamba, ng'ombe na makaburi ya wazazi wake kwa sababu ya risasi hajapewa chochote cha bure. Kumletea chakula kibovu ni kumfukuza mara ya pili.

Nimeombwa niondoe habari za mwaka 2018 ili tusiharibu sherehe. Nimeziacha.

Mama Restituta, asante kwa niaba ya watu ambao hawatalijua jina lako, waliokula wakaamka salama. Na kwa niaba yetu tuliokaa mezani siku ile, nasema nilichopaswa kusema miaka saba iliyopita: ulikuwa sahihi, utusamehe. Rudi salama Tumati. Mvua ikunyeshee kwa wakati wake, na uzee wako uwe wa afya na utulivu.

Shikamoo, Mama.

Patriki Gidamis
Mpimaji, Ghala la Katesh