Shaba Isiyosuguliwa

Muuza vitambaa hakupanda basi ili asikilize ya watu, lakini mbele yake walikaa wawili wasiojuana, na mmoja alikuwa amepakata kichupa kama mtoto mchanga.

“Dawa hiyo, mwanangu?” aliuliza mzee mwenye ovaroli ya gereji.

“Mafuta, baba. Tumeyatengeneza maabara kwa hewa ya ukaa, maji na jua. Kibao cha shaba ndicho kinachochochea.”

Mzee alifungua kizibo, akanusa. “Spiriti hii! Usinifanye mtoto.”

“Ndiyo, na inawaka! Miezi minane tulikisugua kile kibao kila asubuhi mpaka unajiona uso. Hata tone hatukupata. Juzi nikasahau kukisugua, kikaingia kazini kimefubaa, cheusi tii. Jioni nakuta hiki!”

“Mngeniuliza mimi,” alisema mzee, kana kwamba maabara zote humpigia simu. “Lakini vijiko viwili tu humu kichupani kwa miezi minane? Pikipiki haitoki hata getini.”

“Juzi asubuhi havikuwepo hata hivyo viwili, baba.”

Mzee alikuwa bado anabisha basi liliposimama kituoni kwake. Alishuka, akazunguka nyuma, akalikodolea macho bomba lililokuwa likifuka moshi na hewa ya ukaa. Kisha akapiga bodi la basi kwa kiganja.

“Dereva!” alipaza sauti. “Unamwaga mafuta!”

Abiria wakachungulia madirishani kutafuta panapovuja. Wawili tu walicheka mpaka machozi: mwenye kichupa, na muuza vitambaa, ambaye kituo chake kilikuwa kimeshapitwa zamani.