Walidhani Nimelewa, Kumbe Ni Sukari

Bwana asifiwe sana, watu wa Nyamahanga! Wazee wangu, shikamooni. Nawaletea salamu kutoka Kanazi, kule Ngara. Naitwa Yusto, mkulima wa migomba na maharage, na ni mzee wa kanisa. Kwa miaka mingi nimekemea pombe. Nimekemea mpaka watu wakiniona njiani wanaficha vikombe! Kwa hiyo mtaelewa aibu iliyonipata.

Ndugu zangu, ilianza kwa kiu. Kiu gani ile! Nilimaliza dumu la maji shambani kabla jua halijapanda, halafu kazi ikawa kukojoa, mgomba huu na ule. Suruali zikaanza kunivuka. Mke wangu, Mama Edina, akanionea huruma, akawa ananikamulia juisi ya ndizi nipate nguvu. Juu yake mimi naongeza soda. Kumbe ndiyo nazidi kujimaliza!

Jumapili moja nikasimama mbele kusoma Neno. Herufi zikawa zinacheza. Tumbo likanikata, nikatapika palepale mbele ya watu. Ulimi mzito, miguu haina nguvu, nahema kama mtu aliyepanda mlima mbio. Wazee wenzangu wakanishika kunitoa nje. Hapo, ndugu zangu, pumzi yangu ikawafikia puani. Ilinuka tamu, kama ndizi zilizoiva zikapitiliza. Kwetu harufu hiyo ni ya kitu kimoja tu, pombe ya ndizi!

"Mzee Yusto amelewa!" Neno likapita benchi kwa benchi. Nilisikia, nikataka kukana, mdomo ukakataa. Mzee Festo, rafiki yangu tangu ujana, akasema, "Mpelekeni kwake alale, pombe imtoke." Wakanilaza mkekani nyumbani, wakaondoka. Mama Edina alilia, tena hakulilia ugonjwa, alilia fedheha.

Lakini Mungu wetu ana watu kila mahali! Jirani yetu Mama Hadija, Mwislamu, mjane, alisikia kilio akaja. Akainama, akaninusa, akanitikisa. Sikujibu.

"Dada, huyu hajalewa," akamwambia mke wangu. "Marehemu mume wangu alinuka hivi hivi, akahema hivi hivi. Hii ni sukari! Sisi tulimwacha apumzike, hakuamka. Inuka twende hospitali, sasa hivi!"

Wakanipakia kwenye bodaboda, mimi katikati, Mama Edina nyuma amenikumbatia kama gunia la maharage. Mama Hadija akafuata kwa pikipiki nyingine, anapiga kelele watu watupishe. Pale hospitali wakanitoboa kidole. Mashine ikashindwa hata kutoa namba, jinsi sukari ilivyopanda! Wakanitundikia dripu ya maji, chupa baada ya chupa, wakanipa insulini, wakanipima tena na tena. Daktari akamwambia mke wangu, "Mngemwacha alale mpaka kesho, mngekuwa mnatafuta jeneza." Haleluya! Sikulala usingizi ule!

Siku ya tatu nikakaa kitandani, naomba uji. Nani anaingia? Mzee Festo, kofia mkononi, macho chini.

"Ndugu yangu, nisamehe. Nilishaandika barua ya kukusimamisha uzee wa kanisa."

"Iko wapi?"

"Iko mfukoni."

"Nisomee kwanza," nikamwambia, "nione kama umeniandika vizuri!"

Tulicheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha. Kisha Festo akaichana vipande vipande, akalia. Nami nikalia. Jumapili iliyofuata alisimama mwenyewe mbele ya kanisa zima akanisafisha jina.

Leo najichoma insulini kila siku na kumshukuru Mungu kila siku. Kuna ndugu waliniambia, "Ukiwa na imani acha sindano." Nawaambia kwa upendo: Mungu aliyemtuma Mama Hadija ndiye aliyewapa madaktari akili. Siachi maombi, na sindano siachi!

Ndugu zangu, ukiona kiu isiyoisha, mkojo kila saa, mwili unapungua, kapime. Ukimwona mwenzako anahema kwa nguvu, anatapika, maneno yanampotea, usimhukumu, mkimbize hospitali! Hata kama kweli amelewa, utakuwa umepoteza nini?

Mtumaini Bwana, naye atakufikia kwa mlango usioutazamia. Nani kati yenu ana kiu hiyo ninayoisema, na amekaa kimya kwa aibu? Njoo hapa mbele, mama yangu, njoo, baba yangu. Tutaomba pamoja, na kesho asubuhi nitakusindikiza mwenyewe kupima.