Mama Mstari Anaondoka, Skrini Bado Kijani

Ijumaa hii, tarehe 30, saa kumi kamili alasiri, mtunza mifumo wa maabara yetu kuu anastaafu baada ya miaka 27 na miezi minne ya utumishi. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi sita, amehamishiwa vyumba vinne, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia, na amepandishwa cheo mara moja. Hesabu hizi zimehakikiwa.

Aliajiriwa kama karani wa kupokea sampuli. Kompyuta alijifunza mwenyewe, saa za chakula cha mchana, kwa kitabu kilichokosa kurasa kumi na mbili za mwanzo. Huenda ndiyo sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi hiyo ni ngumu. Tangu majibu ya vipimo yaanze kutumwa kwa mtandao kwenda zahanati 38 tunazozihudumia, yeye ndiye aliyehakikisha yanafika.

Chombo chake kilikuwa kimoja: programu ndogo isiyo na picha wala vitufe. Unafungua dirisha jeusi, unaandika mstari mmoja wenye anwani ya seva, yaani kompyuta ya zahanati, unayotaka kuiuliza, unabonyeza, nayo inakwenda, inauliza, inarudi na jibu kama lilivyo. Yeye aliiita Mjumbe, kwa kuwa haiongezi chumvi. Sisi tukamwita yeye Mama Mstari.

Kila asubuhi saa moja na dakika arobaini aliziuliza seva zote 38 hali zao. Seva iliyo salama hujibu 200. Kisichopatikana hujibiwa 404. Alizisoma namba hizo kwa sauti, nasi wa chumba cha pili tukaziokota. Hadi leo ukiuliza mapokezi kama mkurugenzi yupo ofisini, utaambiwa, "Mia nne na nne, kaka," na utarudi ulikotoka bila kinyongo.

Hakuwa malaika. Mwaka wake wa tisa aliandika amri ya kufuta mahali pa amri ya kuleta, na orodha ya simu za zahanati zote ikayeyuka. Namba 35 alizirudisha kwa kichwa, tatu akazifuata kwa miguu. Tangu siku hiyo, kila alipomaliza kuandika mstari aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye kibodi, kama mtu aliyekatazwa kugusa sufuria ya moto, akausoma kwa kidole toka kushoto hadi kulia, ndipo akabonyeza. Tulimcheka sana. Kwa miaka 18 iliyofuata hakufuta kitu.

Miaka miwili iliyopita uongozi ulituletea Skrini ya Ufanisi, inchi 55, ikatundikwa mapokezi. Taa 38, zote kijani. Ni kitu kizuri. Wageni hupigia picha pale. Mkurugenzi alitangaza kwamba mambo ya dirisha jeusi yamekwisha, mfumo sasa unajichunga wenyewe.

Kisha Jumanne moja muuguzi wa zahanati namba 17 akapiga simu: "Dada, majibu ya wagonjwa wangu mmeyala, au?" Taa ya 17 ilikuwa kijani. Mama Mstari aliandika mstari wake, akainua mikono, akasoma, akabonyeza. Mjumbe akarudi na 200, na chini yake maneno: "Samahani, hatukuweza kuhifadhi majibu haya." Skrini ilikuwa ikisoma namba tu, maneno ya chini haikuwa na haja nayo. Mfumo mpya uliokuja na skrini hiyo uliandika tarehe kwa mpangilio ambao zahanati kumi na mbili hazikuutambua. Kwa siku tisa, majibu 1,146 yalikuwa yametumwa, yamepokewa kwa heshima zote, na kutupwa. Kati yake 61 yalikuwa ya dharura.

Alisahihisha tarehe, akayatuma upya yote kwa dakika 41, na yale 61 ya dharura akayapigia simu moja moja. Mgonjwa mmoja wa zahanati namba 17 alikimbizwa hospitali jioni hiyo hiyo. Alipona. Kiti chake katika sherehe ya leo ya kumuaga Mama Mstari kiko safu ya tatu.

Taarifa rasmi ilisema mfumo ulijirekebisha. Mama Mstari alipewa barua ya onyo kwa kutumia programu isiyo kwenye orodha iliyoidhinishwa. Aliisoma kwa kidole, kushoto hadi kulia, akaiweka kwenye faili.

Kwa orodha hiyo hiyo iliamuliwa kwamba Mjumbe naye afutwe kwenye kompyuta zote Ijumaa hii, saa kumi kamili. Wawili hao wastaafu pamoja. Swali la nani atasoma maneno ya chini kwa niaba ya zahanati 38 liliulizwa kikaoni, na katika muhtasari likaingizwa chini ya "Mengineyo".

Sasa tuje kwenye mialiko ya sherehe hii. Yote 214 ilitumwa na mfumo mpya wiki iliyopita, kijani tupu. Jumatano Mama Mstari alishangaa kwamba hakuna muuguzi hata mmoja aliyempigia kumtania kuhusu uzee. Akafungua dirisha jeusi. "Samahani," lilisema. Kwa hiyo wewe uliyeketi humu leo, na mkurugenzi akiwemo, umealikwa na mstaafu mwenyewe, kwa programu iliyopigwa marufuku.

Jana mhandisi aliyetuletea skrini ile alifika na fomu ya kumwondoa Mjumbe. Kwa kawaida husimama mlangoni. Jana alivuta kiti, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hebu nioneshe, taratibu." Tunapokwenda mitamboni na kijarida hiki, fomu hiyo bado haina saini. Nyuma yake kuna mstari mmoja, kwa mwandiko wa mhandisi, na wino wake umechafuliwa na kidole toka kushoto hadi kulia.

Dada yetu, asante kwa kila asubuhi. Tunakuombea usingizi usio na kengele, magoti yasiyouma, na wajukuu wanaoitika wanapoitwa. Tutakuandikia mara kwa mara kwamba huku sote tu wazima. Tafadhali soma na maneno ya chini.