Stara ya Nyumba ya Mama Mkwe

Benchi la kijiweni lina miguu mitatu yake na mmoja wa tofali, na wanaolikalia huanza kubishana kabla kikombe cha kwanza hakijapoa. Asubuhi hiyo dereva wa lori, waliyembatiza Tani Kumi, alikuja kwa miguu. Lori lenyewe lilikuwa uani kwa mama mkwe wake, bado limebeba kokoto, tairi la nyuma limezama nyasini. Lilikuwa limeponda mabomba yanayotawanya maji ya choo ardhini, na tangu jana kila choo kikimwagiwa maji, yanarudi juu. Mama mkwe hakumlaumu. Hilo ndilo lililomkosesha Tani Kumi usingizi.

— Kwani hukuonywa? aliuliza Kinyozi.

— Nilionywa. Aliniambia, “Baba, usipite kwenye stara ya nyumba.” Nikaangalia uzio. Wallahi, sikuugusa hata kwa kioo cha pembeni!

— Hapo huna kosa. Stara ni uzio, alisema Mwalimu, ambaye hajawahi kufundisha popote.

— Stara ni choo! alisema muuza kahawa. Ulitaka mtu na heshima zake amtajie mkwewe choo?

— Basi angesema hata “kule,” alisema Tani Kumi.

— Kule wapi? Kule ni kwingi.

Kinyozi akajongea mbele. Benchi likayumba.

— Tatizo si lori. Ardhi ile imeshiba. Miaka kumi inakunywa tu, haijapumzika. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na mabomba nayo yana woga, alisema Mwalimu. Yakisikia mngurumo yanajikunja, kama konokono.

— Mabomba ya plastiki? aliuliza muuza kahawa.

— Hasa ya plastiki! Sasa sikiliza, Tani Kumi. Lori liliingia kwa mbele, sivyo? Litoe kinyumenyume, palepale, na mzigo uleule. Yatanyooka. Dawa ya moto ni moto.

— Pigia na honi, aliongeza Kinyozi, yajue umekuja kwa amani.

Tani Kumi hakucheka. Alitaka sana kuamini. Kurudi kinyumenyume alikujua. Kumtazama mama mkwe usoni ndiko kulikomshinda.

Fundi cherehani wa duka la pili, mama mgeni mtaani, alikuwa amesimama akingoja kikombe chake, futi ya kupimia shingoni.

— Samahanini, alisema. Huyo mama, tangu jana, anajisaidia wapi?

Mwalimu alikohoa. Kinyozi alichungulia ndani ya kikombe chake. Muuza kahawa akaanza kufuta birika alilokwisha kulifuta.

Tani Kumi masikio yalimwaka. Alfajiri alikutana na mama mkwe akitoka kwa jirani, kopo mkononi, mtandio kaushusha hadi kwenye nyusi. Naye, kwa adabu zake zote, akamwamkia kwa sauti iliyosikika mtaa mzima: “Shikamoo mama! Watoka wapi mapema hivi?”

“Marahaba, baba. Napunga upepo tu.”

Tani Kumi akaweka kahawa yake chini, haijafika nusu.

— Nani ana sepetu, nikayafukue yale mabomba? aliuliza.

Hakuna aliyekuwa nayo.