Mwalimu Niliyempekua Getini

Shikamooni wazee. Na ninyi wa rika langu, pamoja na vijana mliokaa kule nyuma, habari za mchana.

Mnanifahamu. Miaka mingi nimekuwa nikipanga viti hivi vya kikundi chetu hapa kanisani na kuchemsha chai, na zamu yangu ya kusema ikifika nataja jina langu, nakaa. Mama mwenyekiti ameniomba mara nyingi, nami namjibu wiki ijayo. Leo nitasema. Sikio langu la kushoto halisikii, kwa hiyo nikipaza sauti msidhani nagomba.

Nilikuwa mlinzi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Kazi yangu ilikuwa kupekua wafanyakazi wakati wa kutoka, maana wapo waliokuwa wakificha minofu ndani ya nguo. Sangara walipopungua, kiwanda kikapunguza watu, na mimi nikiwemo. Nilikuwa na mke, na binti yetu ndiyo kwanza anatambaa, tumepanga chumba hapa hapa Igogo. Mjomba wangu anayeishi Uganda akanipigia simu. Kuna kampuni inatafuta walinzi wa kwenda Iraki, kwenye kambi za Wamarekani.

"Wewe si umepita Jeshi la Kujenga Taifa?" akaniuliza. "Njoo. Nitakusimamia uandikishwe kama mtoto wa huku."

Nikaenda.

Ndugu zangu, niwaambie ukweli, sikujiuliza vita ile imeanzaje. Nilijua kile kilichosemwa redioni, kwamba mtawala wa kule ameficha silaha za kuangamiza watu, na mataifa makubwa yameingia kuzitafuta. Nikaona ni sawa tu. Mtu akificha kitu kibaya, apekuliwe. Ndiyo kazi niliyokuwa nimeizoea.

Wakaniweka getini. Kila asubuhi wenyeji walioajiriwa kufagia na kuzoa taka walipanga foleni, na sisi tunawapapasa mmoja mmoja, kuanzia kwapani mpaka kwenye vifundo vya miguu. Katika foleni hiyo kulikuwa na mtu mmoja mwenye mvi, mwembamba, shati lake limepigwa pasi. Alikuwa mwalimu wa kemia kabla ya vita. Sasa anafagia. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Siku moja nikiwa nimeinama miguuni kwake akaniuliza, "Unatafuta nini kwangu kila siku?"

"Silaha," nikasema.

"Wamezitafuta nchi nzima hawakuziona. Labda zimo kwenye soksi zangu."

Tukacheka. Kuanzia hapo tukawa tunasalimiana. Akaniuliza kuhusu kwetu, nikamweleza ziwa lilivyo kubwa na mawe yaliyobebana hapa Mwanza, akasema angependa kuyaona. Nami nikamuuliza ni nini hasa kilichowaleta Wamarekani.

"Inategemea unamuuliza nani," akasema. "Wengine watakwambia ni mafuta. Wengine, kwamba walishambuliwa kwao na watu wengine kabisa, wakabaki na hasira, wakatafuta wa kumpiga. Mimi sijui. Mtawala wetu alikuwa mtu mbaya. Kaka yangu alichukuliwa na watu wake, hakurudi. Siku mtawala alipoanguka nilifurahi. Wiki hiyo hiyo watu wakabeba madawati ya shule yangu, askari wa kigeni wanatazama. Baadaye majirani wakaanza kuulizana, wewe ni wa madhehebu gani. Waliojibu vibaya tuliwaokota barabarani."

Nikampapasa, akapita.

Halafu yakaja majuma ya mabomu. Yalirushwa kutoka mjini, yanaanguka kambini bila kuchagua. Moja liliangukia mahali pa kunawia. Likamuua Mganda mmoja niliyekuwa nalala naye hema moja, mtu aliyekuwa akinipa nusu ya sabuni yake. Hapo ndipo lilipokwenda sikio langu. Tukaambiwa kuna mfanyakazi anayewapigia simu warushaji na kuwaelekeza. Simu ikapigwa marufuku getini. Nilirudi kazini siku chache baada ya mazishi nikiwa na hofu, na hasira nayo ilikuwepo. Kila mkono uliobeba mfuko niliuona una kifo ndani.

Asubuhi moja nikafungua mfuko wa yule mwalimu. Chini ya mkate kulikuwa na simu.

Hakukimbia. Alisema kwa sauti ya chini, "Mke wangu anafanyiwa upasuaji leo. Nilitaka nisikie kama ametoka salama. Nirudishie, niende nyumbani. Leo sifanyi kazi."

Sikilizeni hapo. Ningeweza kumrudishia. Walinzi wenzangu walishawahi kuwarudisha watu kimya kimya, na hakuna aliyeulizwa. Nilimfahamu. Nilijua hasemi uongo. Nikanyoosha mkono nikamwita msimamizi.

Askari wakamvika mfuko kichwani. Kabla hawajamvika alinitazama, wala hakuwa na chuki. Alionekana kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amekosa swali rahisi. Wakampakia kwenye gari, na foleni ikasogea. Mimi nikaendelea kupapasa.

Wiki kadhaa baadaye akaja mwanamke getini, anatembea polepole, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika picha. Picha ya yule mwalimu. Nikaelewa kwamba upasuaji ulikwenda salama. Mkalimani akamwambia ofisini hakuna jina kama hilo. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Alikuwa akimwonyesha kila mlinzi ile picha, na mimi alinionyesha zaidi ya mara moja. Nilitikisa kichwa. Alikuwa bado anakuja mkataba wangu ulipoisha.

Nikarudi Mwanza. Silaha hazikuonekana, na wenyewe waliokuwa wakizitafuta walikuwa wameshakiri kwamba hazikuwepo. Nililisikia hilo nikiwa kwa kinyozi, watu wakaendelea na mazungumzo ya mpira.

Nyumbani nikaanza kunywa. Nikaanza na jambo jingine ambalo sijawahi kulisema mbele za watu. Nilimpekua mke wangu akitoka sokoni. Nilimwaga vitunguu na dagaa sakafuni. Wageni wakija niliwasimamisha mlangoni, mpaka wakaacha kuja. Binti yetu alipoanza darasa la kwanza, nikawa nampekua akitoka shule. Mke wangu alinisihi, alilia, aliita wazee. Niliwaambia wote kwamba hawajui nilichokiona.

Mchana mmoja nimekaa kwenye kigoda mlangoni. Mtoto akaja. Sikusema neno, hata sikuinuka. Aliweka begi chini, akageukia ukuta, akainua mikono juu na kutanua miguu. Akasubiri. Hakuwa analia. Alifanya vile kama anavyonawa kabla ya kula.

Mke wangu alikuwa kwenye jiko la mkaa. Akasema, "Mwangalie. Mwangalie vizuri mwanao."

Nikamwangalia. Mikono yangu ikakataa kusogea. Ni mama yake aliyemshusha mikono.

Kesho yake wakapanda kivuko kwenda kwao Busisi. Sikuwazuia. Ndugu zangu, siku ile ndipo nilipojua kwamba ile vita nimeibeba mwenyewe, kwa mikono yangu, mpaka ndani ya chumba changu.

Nilikwenda zahanati kuomba dawa ya usingizi. Muuguzi akaniuliza nini kinaninyima usingizi, na kwa mara ya kwanza nikamtaja yule mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, foleni inalalamika nje. Akasema, "Dawa ya hilo sina. Lakini kuna watu wenye mizigo kama yako wanakutana kanisani. Nenda ukakae nao." Nikaja. Mkanipa kiti.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Sinywi, na simpekui mtu. Basi. Mke wangu hakurudi. Binti yangu amekuwa mtu mzima, huja kunisalimia, ananisemesha kwa heshima, lakini anakaa karibu na mlango. Ile kampuni nimejaribu kuipigia nimuulizie mwalimu, simu zake hazipatikani tena. Kama yule mwalimu yu hai au alikufa, sitajua. Mkewe pengine bado anauliza, na mtu anayejua kilichotokea getini amesimama hapa mbele yenu.

Namshukuru yule muuguzi. Namshukuru fundi seremala aliyenipa kazi ya kupiga randa bila kuniuliza nimetoka wapi. Namshukuru mama wa mtoto wangu, kwa kumwondoa. Nawashukuru ninyi kwa kiti.

Na nyie vijana, siku hizi mtu anaweza kukufuata stendi ya Buzuruga na fomu ya kwenda kulinda kwenye vita ya watu. Mkisikia kwamba mahali fulani wamo watu walioficha kitu, na ni lazima waendewe, ulizeni nani amekiona. Ulizeni kabla hamjaondoka. Mimi niliuliza nikiwa tayari nimeinama miguuni kwa mtu.