Miguu Ndani ya Mifuko

Basi dogo lilipotoka Kasulo, muuza makala alimpakatisha mwanamke wa pembeni mtoto wake, ili apange gunia lake la mkaa. Mtoto akalia papo hapo.

"Mama, iyi mikono yako ni barafu!" akasema muuza makala, akimgusa.

"Mi naosha mawe ya shaba mu mutoni kila siku, mama. Ata miguu siisikie."

Nyuma yao mzee mmoja, tata Kankolongo, akaacha kusinzia. Marehemu mkewe alisema hivyo hivyo, na wakubwa wa mgodi wakamwambia avae soksi. Wao hata kunawa wanapashiwa maji moto.

Muuza makala akainama. Miguu ya mwenzake ilikuwa ndani ya mifuko ya plastiki, imekazwa kwa kamba za mpira wa tairi. "Njo maana! Damu itapita wapi? Fungula, usugue!"

"Nikifungula, maji inaingia."

"Iingie! Unataka miguu ao mifuko?"

"Nataka kazi. Chefu anafukuza mwenye kutoka mu maji."

Kankolongo alitaka kumwambia jinsi vidole vya miguu vya mkewe vilivyokuwa vyeusi kabla hajafa, lakini basi likasimama mtoni. Mwosha mawe alimrudisha mtoto, akashuka, akainama kushika kamba za miguuni. Chefu, msimamizi wao, akamwita; akaziacha kamba, akaingia majini.