Chipu Iliyopika Mayai ya Akina Mama

Wapendwa, kila Jumapili ninakaa hapo nyuma nikisikia wengine wakisimulia walivyotolewa kwenye pombe au ugonjwa. Shida yangu ni ya ajabu kidogo. Mimi niliangushwa na kadude keusi kenye miguu mingi, kanakokaa ndani ya mashine kuiamuru washa, zima. Wanakaita chipu.

Mnanijua, natengeneza redio hapa Kaplong. Mama watoto na majirani wake walikuwa na chama cha kuku, lakini kuku wa kuatamia walikuwa wachache. Nikasema nitaunda mashine ya kuangua. Sanduku la mbao, hita, feni, na chipu ya kuangalia joto. Likishuka iwashe hita, likipanda izime. Kazi nyepesi kabisa.

Ndugu zangu, nawaambia, kutafuta chipu Nairobi miaka ile ilikuwa mateso. Duka la kwanza, imekwisha. La pili, mwenyewe hainui hata uso, anauliza unataka ngapi, na ukisema moja anarudia gazeti lake. La tatu, jamaa mwenye tai akanitolea mpya, akaisifu mpaka nikasahau njaa. Ina kumbukumbu kubwa, ina kasi. Nami nikamuuliza kama kweli ina kasi. Jamani, yai linakaa wiki tatu ndio lianguliwe, na mimi nauliza habari ya kasi!

Basi akina mama wakaleta mayai, kila mmoja ameyatia alama yake kwa makaa, vile wanafanya wakiwekeana mayai kwa kuku wa jirani, vifaranga wasije wakagombaniwa. Mjane mmoja alileta yote aliyokuwa nayo. Alitaka kuku wa kuuza ili msichana wake arudi shule.

Wiki ya pili, asubuhi, nikafungua sanduku nikapigwa na joto usoni. Chipu imeganda, hita inawaka tu. Mayai yalikuwa yameiva. Nikazima, nikawasha tena, ikafanya kazi vizuri kama haijakosea mtu. Hiyo ndiyo ilinichoma zaidi. Nikairudisha Nairobi, wakaipima, wakasema ni nzima, labda fundi ndiye mbovu. Na mimi, kwa akili zangu, nikanunua nyingine ileile.

Akina mama walikuja kuchukua mayai yao, kila mmoja kwa alama yake. Wengine walisema, na walisema sana. Yule mjane aliniambia pole tu, akaenda. Hiyo pole ilinimaliza. Nilifunga kibanda, nikaingia kuchuma chai, na hapa kanisani mkanikosa.

Sasa sikieni. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai, ile mashine iko mezani na chipu yake ya pili, tupu, inawaka. Kiwanda cha chai huko bondeni kikaanza kazi. Taa yetu ikafifia ikawa nyekundu, halafu ikarudi. Hufanya hivyo kila siku, hata hatuangalii. Lakini siku hiyo niliangalia, na chipu ikaganda mbele ya macho yangu. Stima ilipungua kuliko kawaida bila kuzimika, na ile chipu ikapotewa na akili hapo katikati.

Mama watoto akanitazama, akasema, "Sisi tumeizoea hii stima. Hiyo kitu yako haijaizoea."

Nikarudi Nairobi na swali moja tu: stima ikishuka nusu, hii chipu inafanya nini? Wauzaji walichoka na mimi. Jamaa wa tai akaniambia niende nikanunue taa ya mafuta. Lakini mzee mmoja wa duka la spea akatoa kitabu cha watengenezaji, tukasoma pamoja mpaka mchana. Akanipa chipu ya zamani, ya polepole, inayopatikana kila duka, na kadude kengine kadogo ka miguu mitatu. Kazi yake ni kuishika ile kubwa stima ikishuka, isifanye lolote mpaka stima itulie, kisha ianze upya.

Lakini mayai nitatoa wapi? Hakuna mama alitaka kuniona. Aliyebisha hodi ni yule mjane, na kikapu. Nikamwambia, "Mama, sitaki kukuharibia tena." Akasema, "Bila mayai utajuaje kama imepona?"

Wiki tatu kiwanda kilianza kazi kila asubuhi, taa ikafifia, mimi nimesimama kando ya sanduku. Siku ya mwisho taa iliposhuka, nikasikia vifaranga wakilia ndani.

Mama watoto, kongoi, asante sana. Mzee wa duka hayuko hapa, lakini Mungu amkumbuke. Na ninyi mafundi vijana, msinunue kitu kwa sifa zake. Ulizeni kitafanya nini siku mbaya ya kwenu nyumbani. Wewe mama, nakuona umeinamisha kichwa, sitakutaja. Wewe uliyepoteza zaidi ndiye ulirudi kwanza. Msichana wako anafanya mtihani mwaka huu, na mimi kila asubuhi namwona akipita na sare yake ya shule.